Nimeachiwa mbwa wa aina ya Great Dane hapa Kigoma, mwaka wa nne huu: asili yake, ulaji wake na visa vyake

Dereva wa Gungu (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Haipiti wiki bila mtu kuniulizia inboksi "lile jibwa kama ndama linapatikana wapi na shilingi ngapi". Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nafungua uzi, mwenye swali aulize hapa wote tusome.

Kwanza mjue sikumnunua. Nilikuwa namwendesha mama mmoja wa Denmark aliyefanya kazi na wakimbizi upande wa Kasulu. Mkataba wake ukaisha, mbwa akawa mtihani. Sanduku la kumsafirishia kwa ndege lilitakiwa kuwa kubwa kiasi kwamba ndege ndogo inayotua Kigoma isingelibeba, na kumpeleka Dar kwa barabara halafu Ulaya gharama yake ungejenga banda la kuku mia tano. Siku mbili kabla hajaondoka akaniita kibarazani, akaniambia, "Baba Zuhura, Otto anakupenda wewe kuliko hata mimi." Nikajua yamenifika.

Nikamleta nyumbani nyuma ya pikapu. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwangalia yule mnyama anashuka, akaniangalia mimi, akarudi ndani. Siku mbili hatukuongea.

Otto ana miaka saba sasa, nilimpokea akiwa na mitatu. Nimempima kwa futi ya fundi cherehani, kutoka chini mpaka begani ni sentimita 84. Siyo kichwani, BEGANI. Akiinua kichwa anachungulia meza ya chakula bila kunyoosha shingo. Uzito nilimpeleka kwenye mzani wa magunia sokoni, tukapandisha miguu minne kwa taabu, ukasoma kilo 63. Muuza mahindi akaniuliza huyu anachinjwa lini.

Vipimo rasmi vya aina hii, dume linatakiwa liwe sentimita 80 hadi 90 begani, na uzito kwa kawaida huwa kilo 54 hadi 90. Kwa hiyo Otto ni wa kawaida tu kwao. Aliyeingia kitabu cha rekodi cha Guinness kwa urefu aliitwa Zeus, wa Michigan kule Marekani, alipimwa mwaka 2011 akakutwa na sentimita 111.8 begani. Chukua futi, pima ukutani uone inafika wapi. Halafu mjue kwamba Zeus huyo alikufa 2014 akiwa na miaka mitano. Hilo nitalirudia kwa sababu ndilo watu hawapendi kusikia.

Nakuja na chakula, magonjwa, na usiku mmoja wa Idd ambao sitausahau. Ngoja nipeleke gari gereji.

Kaka Mbishi

Nimeweka jamvi hapa. Ila mkuu umeanza vibaya. Great Dane maana yake "Mdenmark mkubwa", jina linajieleza lenyewe. Na bosi wako Mdenmark. Ndiyo mbwa wao wa taifa huyo, umeachiwa mali ya watu.

Mama wa Mwanga

Bila picha huu ni uzushi 😂

Dereva wa Gungu

Dada, picha utaiona tukionana, watoto wangu hawatoki mitandaoni na mbwa huyo hapigwi picha bila mtoto kuning'inia shingoni.

Mbishi, hata mimi nilidhani hivyo. Nikamuuliza bosi siku moja tuko foleni ya kivuko, kwa nini mbwa wa kwao ana jina la Kijerumani, Otto. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema Denmark haihusiki kabisa, tena wao wenyewe wanamwita *Grand danois*, jina la Kifaransa! Yaani mtu anaitwa Muha, halafu Waha wanamwita kwa jina alilopewa na Wahaya.

Ikawa kila tukisafiri ananisimulia, na nikifika nyumbani nasoma zaidi. Mambo yako hivi. Karne ya 16 wakuu wa Ujerumani walikuwa na ugonjwa wa kuwinda nguruwe pori, na nguruwe pori wa kule siyo ngiri wako wa Uvinza, ni mnyama mzito mwenye pembe za mdomoni zinazopasua tumbo la farasi. Walitaka mbwa mwenye mbio na mwenye nguvu ya kung'ang'ania. Wakachukua majibwa mazito ya Uingereza, yale ya jamii ya mastiff, wakayapandisha na mbwa warefu wa Ireland waliokuwa wakiwinda mbwa mwitu. Uzao wao ukawa na miguu ya mmoja na kifua cha mwingine. Kazi yao ilikuwa kumshika nguruwe na kumzuia asitoke mpaka bwana afike na mkuki. Ndiyo maana zamani walikatwa masikio, ili nguruwe asipate pa kuraruia. Siku hizi Ujerumani ni marufuku kuyakata, na Otto ana yake yote, yanapepea kama majani ya mgomba.

Wale wazuri zaidi walilala chumbani kwa bwana wamlinde usiku, wakavishwa kola za kupambwa. Kwa hiyo mkisikia mbwa wangu anadai godoro, ni ukoo.

Sasa jina. Mfaransa mmoja mwanasayansi, Buffon, katikati ya karne ya 18 aliandika juu ya wanyama akamwita huyu *Grand Danois*. Waingereza wakalitafsiri, likaganda. Wajerumani wenyewe walikuwa na majina chungu nzima. Kwenye maonyesho ya Hamburg ya mwaka 1863 mbwa hawa waliandikishwa kwa makundi mawili, wengine "Dogge (yaani jibwa) wa Denmark", wengine "Dogge wa Ulm", na majaji hawakuona tofauti. Mwaka 1880 wakakaa Berlin wakakata shauri: mbwa ni mmoja na ni wa Kijerumani, *Deutsche Dogge*. Chama chao kikaundwa 1888. Wakati huo Bismarck, yule yule aliyekaribisha mkutano wa kuigawa Afrika, alikuwa anatembea na majibwa haya haya mpaka watu wakayaita mbwa wa dola.

Denmark wana jibwa lao kweli, linaitwa Broholmer, fupi kuliko huyu, na lilikaribia kupotea kabisa mpaka wapenzi wake walipoanza kulifufua miaka ya 1970. Hilo ndilo la bosi wangu kama unataka kumrudishia.

Kaka Mbishi

Sawa nimekubali nusu. Nusu nyingine naifikiria.

Binti wa Ujiji

Assalaam alaykum. Kaka yangu, hujasema habari ya swala. Mimi nimekulia Ujiji, mbwa akikatiza uani bibi anamwagia maji njia nzima. Wewe unakaaje na ndama wa mbwa ndani?

Dereva wa Gungu

Waalaykum salaam dada yangu. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko chakula.

Nilikwenda kwa shehe wa mtaani kwetu kabla hata sijamaliza wiki. Sikuambiwa nimfukuze. Aliniambia hadithi inajulikana, mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na wa kulinda nyumba wanazuoni wengi wanamweka humo humo. Anayefugwa kwa kupambia sebule tu, huyo ananipunguzia thawabu kila siku. Na sisi Shafii mate yake ni najisi, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Akaniuliza, "Analinda?" Nikasema kwa sura analinda.

Kwa hiyo Otto haingii ndani. Ana kibanda chake cha matofali nyuma, kina paa la bati na turubai chini yake joto lisimpige. Ana sufuria zake, zimepakwa rangi nyekundu mpini. Nina ovaroli moja ya kumhudumia, inatundikwa nje. Kanzu haimkaribii. Ijumaa nikishaoga napita mlango wa mbele, kwa sababu huyu bwana ana tabia moja ya aina yake yote: anaegemea. Hakurukii, hakulambi sana, anakuja taratibu anasimama ubavuni kwako halafu anakuachia kilo zote 63. Bwana mifugo alipokuja mara ya kwanza aliegemewa hivyo akakaa kwenye ndoo ya maji bila kupenda.

Na jina nilitaka kumbadilisha. Vijana wa mtaa walianza kumwita Mwami kwa sababu anakaa kitako kwa heshima, mikono mbele, anatazama watu wakipita kama anasikiliza kesi. Mzee mmoja wa Heru akanijia kistaarabu kabisa, akasema Mwami ni jina la watemi wao, haliwi jina la mbwa. Nilimwomba radhi na vijana nikawakanya. Sasa wanamwita Ndama.

Mwana Tabora

Mwangaluka wakuu. Niko Isevya, nimesoma mwanzo mpaka hapa.

Niongeze historia ya nyumbani. Hao majibwa ya Ulaya siyo mara ya kwanza kuingia njia yetu hii. Stanley alipokuja safari ya pili mwaka 1874 alitoka Uingereza na mbwa watano, wawili wao mastiff. Walitoka Bagamoyo mwezi Novemba. Hawajafika mbali, yule mastiff aliyeitwa Castor akafa kwa joto njiani. Hajaona Ugogo, hajaona Tabora, wala Ujiji hakuisikia.

Nasema hivi kwa sababu nina jirani ameleta jibwa la nywele ndefu la milimani, Saint Bernard sijui, Tabora hii ya Oktoba. Linashinda limelala kwenye tope la bomba ulimi nje. Mkiwa mnachagua, angalieni manyoya kwanza.

Dereva wa Gungu

Mwangaluka mkuu. Umesema la maana kuliko yote. Great Dane ana manyoya mafupi kama ya ng'ombe, hilo limemsaidia. Lakini mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema, na mwili mkubwa unapoa polepole. Otto anatembezwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchana hata paka akimpitia puani anamwangalia kwa jicho moja.

Jembe la Kasulu

Mkuu tiririka kwenye chakula. Huku unga umepanda.

Dereva wa Gungu

Kwa siku ni kilo mbili na ushee za chakula kilichopikwa. Ugali wa mahindi, utumbo au mapafu kutoka machinjioni, na dagaa. Hapa Kigoma tuna bahati, waanikaji Katonga na Kibirizi wana yale mabaki yaliyovunjika yanayouzwa kwa wafuga kuku. Nayachukua kwa debe. Ila yameanikwa mchangani, kwa hiyo lazima uyaoshe maji matatu mpaka uache kusikia mchanga chini ya sufuria. Mwezi wa kwanza sikuosha, nikawa naokota kinyesi kizito kama tofali.

Siweki chumvi. Siweki kitunguu, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, hata mabaki ya mchuzi ninayakataa. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Nagawa milo mitatu, sababu yake ndiyo kisa cha Idd.

Ilikuwa Idd ndogo, mwaka wangu wa pili naye. Jirani zangu wote wamepika. Watoto, kwa upendo tu, kila mmoja akamletea Otto sahani. Pilau juu ya pilau. Akamaliza, akanywa ndoo, halafu wakaanza kukimbizana naye uani. Saa tatu usiku mke wangu, yule yule asiyemtaka, akaniita: "Baba Zuhura, mbwa wako anataka kutapika hatapiki."

Nikatoka na tochi. Otto anazunguka, anasimama, anainama, anakokota tumbo kwa nguvu, linatoka povu tu, jeupe, linaning'inia mpaka chini. Analitazama tumbo lake. Nikampiga vidole ubavuni, likalia kama ngoma. Gumu.

Bosi alikuwa amenionya, tena aliniandikia kwenye karatasi iliyobandikwa kibandani. Mbwa wa kifua kirefu tumbo hujaa gesi, halafu hujipinda kama mdomo wa mfuko wa nailoni uliozungushwa. Damu haiendi, hewa haitoki, na mbwa anakufa kwa masaa siyo kwa siku. Great Dane ndiye anayeongoza kwa ugonjwa huo kuliko aina zote.

Nikapiga simu mahali pa kwanza. Nikajibiwa, "Mbwa tu huyo, mlete kesho kutwa, leo sikukuu." Sipataji. Nikampigia yule bwana mifugo wa kwenye ndoo. Alikuja na bodaboda, kanzu ya Idd bado mwilini, na mpira ule wanaotumia kwa ndama. Tukamfungua Otto mdomo, tukamng'atisha roli la bandeji lenye tundu katikati ili mpira upite humo. Mimi nimeshika kichwa. Zuhura ameshika tochi, ana miaka kumi na moja, analia bila sauti na tochi haitikisiki. Akaupima mpira kutoka puani mpaka kwenye mbavu za mwisho, akafunga uzi hapo kuweka alama, akaupaka mafuta ya kula, akaanza kuusukuma taratibu. Ukasita. Akasubiri. Ukapita. Wakuu, ile gesi ilivyotoka! Harufu ya pilau iliyochacha ilifika mpaka barabarani. Tumbo likashuka tunaliona kwa macho.

Aliniambia nina bahati, lilijaa bila kujipinda. Lingejipinda lingehitaji upasuaji usiku ule ule, na kwa Kigoma usiku wa Idd sijui ungefanywa na nani. Kuna mahali wanawashonea tumbo kwenye ukuta wa ubavu mapema, mbwa akiwa mzima, ili lisije likazunguka. Ukinunua mbwa huyu mjini penye hospitali ya wanyama, fanya hilo kabla ya kununua kola ya shaba.

Tangu siku hiyo milo mitatu, saa nzima ya kutulia baada ya kula, na Idd watoto wanaambiwa mapema kabisa. Wengine watakwambia uweke bakuli juu ya stuli asiiname. Na mimi nilifanya hivyo, mpaka niliposoma kwamba walioweka bakuli juu ndio waliougua zaidi. Stuli sasa anakalia mke wangu akichambua mchele.

Mama wa Mwanga

Mke aliyegoma siku mbili ndiye aliyemwokoa. Haya.

Dereva wa Gungu

Hataki hilo lisemwe. Tuendelee.

Mlina Asali

Naomba nichangie kutoka Sikonge. Mimi ni mtu wa mizinga, naingia porini wiki mbili mbili. Nilikuwa na jibwa chotara, mama yake alikuwa wa kizungu mkubwa, baba wa kienyeji. Nikasema huyu ndiye wa kwenda naye porini, fisi watanyooka.

Safari ya tatu akarudi amenyong'onyea. Homa, hali chakula, fizi nyeupe, halafu macho yote mawili yakaingia ukungu wa bluu kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Nilidhani amerogwa. Kumbe ni mbung'o. Nagana ile ile ya ng'ombe, na mbwa naye inamuua. Mbwa wa kienyeji wa pale kambini walikuwa wanadunda tu, sijui ni uzoefu au ni nini. Wa kwangu alikufa siku ya nne.

Na onyo jingine: kuna watu wanachukua sindano ile ya ng'ombe wanamchoma mbwa kwa kukadiria. Dawa ile kwa mbwa kipimo kikizidi inapanda kichwani, anaanguka kifafa. Mwache daktari apige hesabu ya kilo.

Dereva wa Gungu

Pole sana mkuu. Otto porini haendi, hata Gombe nikipeleka wageni anabaki. Kupe pia wana homa yao, namwogesha dawa kila baada ya wiki mbili na napitisha vidole kati ya kucha na ndani ya masikio. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, cheti ninacho kwenye dashibodi ya gari. Jibwa la ukubwa huu likimkwaruza mtoto wa mtu na huna cheti, nani atakusikiliza?

Kijana wa Cheyo

Wakubwa shikamooni. Mimi yangu ni aibu ila nisemeni. Mwaka juzi nilinunua mtoto wa "Great Dane halisi" kwa mtu wa mtandaoni, nikatumiwa kwenye basi mpaka Tabora ndani ya boksi la televisheni. Nikawa namsindilia. Maziwa, unga wa dagaa, na ile chokaa ya mifupa ya kuku wa mayai, mwenye duka aliniambia ndiyo inakuza. Miezi mitano miguu ya mbele ikapinda nje kama ya fundi baiskeli. Akawa hawezi kusimama asubuhi. Na alipokua akaishia magotini kwangu. Siyo Great Dane, siyo chochote.

Dereva wa Gungu

Marahaba mdogo wangu, na aibu ni ya aliyekuuzia.

Huyo mtoto anaongezeka mwili kwa kasi ya ajabu, na mifupa yake inajengwa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili. Ukimlisha anenepe haraka, nyama inatangulia mifupa. Ukimzidishia kalisi, ile iliyomo kwenye chokaa ya mifupa, mfupa unakua vibaya, mwili wake mdogo bado haujui kukataa. Anatakiwa awe mwembamba, mbavu uzihisi kwa kiganja. Watu watakwambia unamtesa kwa njaa, waache waseme.

Kuhusu kutapeliwa: muone mama yake. Siyo picha ya mama, MAMA, amesimama, umshike. Na wakikuuzia mweupe mwenye macho ya bluu kwa bei ya juu eti ni adimu, kimbia. Wale hutokana na kupandisha wawili wenye mabaka, na wengi wao huzaliwa viziwi au vipofu.

Mzee wa Stesheni

Nilifanya kazi reli. Hebu nijue, huyu anaruhusiwa kupanda treni?

Dereva wa Gungu

Shikamoo mzee. Swali lako lina kisa chake. Afrika Kusini, mji wa wanamaji wa Simon's Town, kulikuwa na Great Dane aliyezaliwa 1937, akaitwa Just Nuisance, yaani Msumbufu Tu. Alikuwa anawafuata mabaharia kwenye treni mpaka Cape Town, analala amenyooka viti vitatu. Makondakta wakamshusha, anapanda inayofuata. Shirika la reli likatishia kumuua. Mabaharia wakaandika barua, na tarehe 25 Agosti 1939 jeshi la wanamaji la Uingereza likamwandikisha rasmi kuwa baharia, apande bure. Fomu ikajazwa, kazi: "kuvunja mifupa". Alikufa Aprili Mosi 1944, siku aliyotimiza miaka saba, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Sanamu yake ipo pale mjini mpaka leo.

Kwa hiyo mzee, ninyi wa reli mna deni.

Mzee wa Stesheni

Marahaba. Kwangu angelipa tiketi mbili.

Kaka Mbishi

Narudi. Kwa nini mtu asichukue Boerboel tu? Ni wa Afrika, anazoea jua, na analinda kweli. Huyo wako umekiri analinda "kwa sura".

Dereva wa Gungu

Leo nakubaliana na wewe, andikeni tarehe. Boerboel ametengenezwa na wakulima wa Afrika Kusini, kutoka kwa mbwa wa Makaburu waliokuja tangu enzi za yule Mholanzi Van Riebeeck 1652, wakachanganywa na wengine, wakiwemo Bullmastiff ambao kampuni ya almasi ya De Beers iliwaleta walinde migodi. Chama chao kimeanza 1983. Ni mlinzi hasa. Na kwa sababu hiyo hiyo siyo wa mtu anayeanza, wala wa nyumba ya kupanga yenye uzio wa matete. Denmark, haohao wa bosi wangu, wamempiga marufuku tangu 2010.

Wa kwangu ana aibu. Mwaka jana mwizi aliruka ukuta saa nane usiku kufuata pampu ya maji. Nilichosikia ni mlio mmoja tu, mzito, WUU, kama mtu amekohoa ndani ya pipa. Nikatoka. Otto amesimama katikati ya uwanja anatikisa mkia. Pampu ipo. Kandambili moja ya mguu wa kushoto ipo. Mwenyewe hayupo.

Na huo mkia nao ni kesi. Siku nyingine nimetoka safari ya Uvinza nakuta ukuta wa kibaraza una michirizi ya damu kuanzia kiunoni mpaka kwenye dirisha, mke wangu amekaa mbali anasema "usiniulize mimi". Nikajua wamechinjana. Kumbe amenisikia gari, amefurahi, mkia umepiga kona ya ukuta mpaka ncha imepasuka, na kila akiutikisa anapaka rangi. Nilikata chupa ya maji pande mbili, nikamvalisha juu ya bandeji wiki tatu. Kila nikirudi kazini ilikuwa kama mtu anapiga makopo.

Jembe la Kasulu

Ulisema utarudia habari ya umri.

Dereva wa Gungu

Nimeikwepa, umeniona.

Wanaishi miaka saba hadi kumi. Moyo wao hupanuka ukachoka, mifupa hupata saratani, nyonga zinalegea. Otto amefika saba na mdomo wote umekuwa mweupe kama amelamba unga. Asubuhi anaanza kuinuka nyuma kwanza, anasita, halafu mbele. Nimemwongezea godoro, lile la kitanda cha mtoto alilotoka Zuhura, kwa sababu mifupa ya viwiko vyake imegusa sana saruji ikaota sugu. Bosi anapiga simu kila Krismasi, tunamwekea simu sikioni, anainamisha kichwa. Mwaka huu alimwita mara tatu ndipo akasikia.

Mwana Tabora

Mkuu, Jumamosi nina mzigo wa asali unakuja Kigoma, nitakuwa na mwanangu wa miaka tisa. Amesoma uzi wote, hataki kitu kingine isipokuwa kumwona Ndama. Tupite?

Dereva wa Gungu

Karibuni sana, mje jioni jua likipoa. Mkifika getini msikimbie wala msimpigie kelele. Atakuja mwenyewe, atamsimamia kijana ubavuni. Mwambie mapema apanue miguu na akae upande wenye ukuta.